Ada ya Kusomwa

Mtu aliyejulikana kwa jina la Shemeji hakuwa ameoa, wala hakuwa na dada aliyeolewa. Jina lilitokana na kazi yake. Alimwita kila mtu shemeji, na mtu akiitwa shemeji, kabla hajaanza kupekua ukoo wake kichwani, hujikuta ameshatabasamu na kuuliza habari za nyumbani. Shemeji alijipatia riziki hapo hapo kwenye tabasamu. Alishauza viwanja vyenye wenyewe. Alishauza simu mpya ambayo ndani ya boksi ilikuwa kipande cha sabuni. Wakati fulani alimuuzia mwenye gereji mbwa wa ulinzi, naye mbwa akarudi nyumbani kwao jioni ile ile, akauzwa tena.

Siku hiyo aliingia ofisi ya kata kwa sababu moja tu: palikuwa na feni. Akakaa kwenye benchi la wanaosubiri, akaweka bahasha tupu magotini ili aonekane ana shida kama wenzake, akafumba macho. Mlango wa Diwani ulikuwa wazi kidogo, na ndani Diwani alikuwa akimlalamikia katibu muhtasi wake.

Halmashauri, alisema Diwani, imeleta balaa. Kila diwani sasa anatakiwa kuonyesha jinsi anavyowasiliana na wananchi wake kwenye mtandao. Kamati itatazama, itapima, na atakayewashinda wenzake atapelekwa ng'ambo kwa mafunzo, tiketi na hoteli juu ya halmashauri. Neno ng'ambo alilitamka polepole, kama mtu mwenye njaa anavyotaja chakula.

Katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyekwisha kuwaona madiwani wakija na kuondoka huku yeye akibaki na kiti chake, alimkumbusha kwamba ukurasa anao. Mjukuu wake alimfungulia. Una picha moja, imelala ubavu. Aliyeipenda ni mtu mmoja, Diwani mwenyewe, na hata huyo ilikuwa kidole kimeteleza. Chini yake mkewe ameandika kwamba akirudi asisahau sabuni ya kufulia.

Shemeji alifumbua macho.

Huyu Diwani alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kope nzito. Alizungumza taratibu na kusikiliza kama anayesinzia. Watu wengi walimdhania mzito wa akili, na kila uchaguzi ulipofika alishinda akiwa bado anadhaniwa hivyo.

"Shemeji," alisema Shemeji akigonga mlango ambao tayari alikuwa ameshaupita, "nisamehe. Nimesikia unateseka, nikashindwa kukaa."

Diwani alimtazama. "Umeoa kwetu?"

"Bado. Lakini nia ninayo."

Katibu muhtasi akaomba radhi na kwenda kuchemsha maji ya chai. Ndivyo alivyofanya kila alipohisi mambo ambayo baadaye angeulizwa kama aliyaona.

Shemeji akamwaga sera. Alieleza kwamba kiongozi wa siku hizi si yule anayekanyaga matope, ni yule aliye kwenye kiganja cha mwananchi. Yeye angemletea Mheshimiwa wafuasi wengi kama mchanga. Zaidi ya hapo, angemwandalia baraza la moja kwa moja kila wiki: wananchi wakae kwao na simu, Mheshimiwa akae pale pale kwenye kiti chake, chini ya feni yake, aulizwe, ajibu, kisha ainuke bila hata vumbi kwenye viatu.

Diwani alisikiliza mpaka mwisho huku kope zake zikishuka. Kisha akauliza jambo moja tu: hao wananchi wa kwenye simu, nao watauliza habari za mtaro?

Maana palikuwa na mtaro. Ulipita nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani, uliziba zamani, na kila mvua ilipokuja ulimwaga vyote ilivyoubebesha vyumbani mwa watu. Kwa ajili ya mtaro huo Diwani alikuwa ameacha kabisa kupita mtaa ule, na alipolazimika kwenda upande huo alizunguka kupitia mtaa wa pili kama anayedaiwa.

"Wananchi wa mtandaoni," alisema Shemeji, "wana adabu sana."

Diwani akafungua droo.

Wafuasi Shemeji aliwanunua kwa jumla, kutoka kwa muuzaji wa mbali ambaye hakuwahi kumwona sura. Walifika wote kwa mkupuo, wakiwa na majina ambayo ulimi wa Diwani haukuweza kuyabeba, na walikuwa na bidii ya kuandika. Tatizo ni kwamba waliandika bila kuangalia. Shemeji aliweka picha ya Diwani akiwa amekunja mikono kando ya bomba la maji machafu lililopasuka, na mfuasi wa kwanza akaandika: Chakula kinaonekana kitamu. Aliweka picha ya Diwani akiwafariji wafiwa. Wakaandika: Hongereni sana, mmependeza, mpate watoto wengi.

Diwani alizisoma zote kwa makini, miwani ikiwa ncha ya pua, na kumjibu kila mmoja: Asante, ndugu mwananchi. Akamwambia Shemeji kwamba kweli watu hawa wana adabu.

Lakini wafuasi wa aina hiyo hawawezi kukaa mbele ya kamati na kuuliza maswali. Kwa hilo walihitajika watu wenye sura, na Shemeji akaenda kwa Shangazi yake.

Shangazi alikuwa mshonaji katika mtaa ule ule wa mafundi, chumba chenye mlango wa kijani. Kizingiti cha mlango alikuwa amekiinua kwa matofali ili maji yafikirie mara mbili kabla ya kuingia. Ndani mlikuwa na cherehani za miguu zilizotumiwa na yeye na wenzake, pasi ya mkaa, harufu ya kitambaa kipya na mafuta ya mashine, na lundo la sare za shule zilizofika karibu na dirisha. Ndiye aliyemlea Shemeji tangu akiwa mdogo. Na kwa muda mrefu Shemeji alikuwa akimweleza juu ya ajira zake: benki, kisha bima, kisha shirika ambalo jina lake lilibadilika kila aliporudi. Kila mara Shangazi alimwomba siku moja ampeleke akaione meza yake. Kila mara meza ilikuwa inapakwa rangi.

Safari hii alikuja na habari iliyokaribia ukweli, jambo lililomtia wasiwasi kidogo kwa kukosa mazoea. Alisema yeye ni afisa mawasiliano wa Diwani.

Mguu wa Shangazi ulisimama juu ya kanyagio. Akamtaka arudie. Aliporudia, Shangazi akavua futi ya kupimia shingoni na kuanza kumpima mabega. Afisa, alisema, hawezi kuzunguka na shati lile. Akamshonea koti kwa kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare za shule. Lilimkaa vizuri, ila lilimfanya aonekane kama mwanafunzi aliyerudia darasa mara nyingi. Shemeji alipojitazama kwenye kioo, akamwona Shangazi nyuma yake akifuta macho kwa ncha ya kanga, aligundua kwamba hangeweza kulivua hivi karibuni.

Mafundi wote walikubali kuwa wananchi. Shemeji akawagawia maswali. Shangazi alisoma lake akakunja uso. Kwa nini amuulize Mheshimiwa anapata wapi nguvu za kututumikia, hali kila mtu anajua swali ni mtaro? Shemeji akamweleza kwamba serikali ina utaratibu; malalamiko yanaandikwa kwenye ukurasa, barazani ni mazungumzo tu. Shangazi aliheshimu sana utaratibu, akakubali.

Baraza la kwanza lilikwenda kama lilivyoshonwa. Simu iliegemezwa kwenye lundo la sare, mafundi wakakaa mbele yake wamejipanga, na Diwani akatokea kwenye kioo, feni ikimpepea. Akaulizwa anapata wapi nguvu. Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka wengine wakadhani bando limekatika.

"Kwenu," akajibu.

Yaliyofuata hayakuwa kwenye mipango. Watu wa kweli waliliona baraza kwenye simu zao, wakaambiana kwamba Diwani sasa anapatikana, wakaanza kuingia ukurasani. Hawa hawakuandika habari za chakula kitamu. Waliandika juu ya taa za barabarani, choo cha soko, bomba lisilotoa maji, na mtaro. Waliandika kwa adabu, wakijitambulisha vizuri, wakimtakia Mheshimiwa afya njema. Ujumbe ukalundikana, na Diwani, alipoliona neno mtaro, akavua miwani na kumwachia Shemeji ukurasa wote.

Mtu mwingine angeuona mzigo. Shemeji aliona duka. Akaweka tangazo: kutokana na wingi wa ujumbe, mwananchi anayependa ujumbe wake usomwe atume kiasi kidogo kwenye namba hii hapa, kama ada ya kusomwa. Namba ilikuwa yake. Ya kusomwa tu. Hakuahidi kwamba mtu atajibiwa, kwa sababu alikuwa na heshima fulani kwa ukweli.

Pesa ziliingia kama maji ya mtaro wenyewe. Watu waliokwisha kupoteza asubuhi nzima nzima kwenye lile benchi la ofisi ya kata waliona ni bei ya kutupa. Kila aliyelipa alipata jibu: Ujumbe wako umesomwa. Nalo lilikuwa kweli. Shemeji aliusoma wote, amelala chali kitandani, akicheka peke yake.

Alikuwa akicheka hivyo alipofikia huu:

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mshonaji, mtaa wa mafundi, mlango wa kijani. Mtaro wetu umeziba. Maji yakija yanafika kwenye kanyagio la cherehani. Sikutaka kupitia kwa afisa wako kwa sababu ni mtoto wangu, watu wasije wakasema anapendelea kwao. Ada nimetuma."

Shemeji aliinuka akakaa. Aliwaza kuirudisha ile pesa, lakini kuirudisha kungekuwa kueleza iliingia kwa nani. Akaiweka simu chini, akaiokota. Mwishoni aliandika kwamba ujumbe wake umesomwa, na jioni akamnunulia nyama. Shangazi alifurahi, akampikia, akamwekea yeye kipande kikubwa kuliko vyote.

Kisha mvua ikaja. Maji yalikipanda kizingiti bila kufikiria hata mara moja, yakaingia chumbani, na lundo la sare likalowa kutoka chini kwenda juu. Shule ilikataa kuzipokea. Shangazi alizifua, akazianika kwenye waya wote wa uani, lakini rangi ya mtaro haikutoka. Shemeji alimkuta amekaa mbele ya waya mikono magotini. Akamwambia atazungumza na Mheshimiwa.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema Shangazi. "Mimi nimeshasomwa."

Siku ya kamati ilipowadia, Shemeji alikuwa ameshafunga begi. Alipanga baraza hili liwe la mwisho: kamati itazame kutoka ukumbi wa halmashauri, Diwani apate safari yake, na yeye apate ya kwake, upande mwingine, bila kuaga. Watazamaji siku hiyo walikuwa wengi kupita kawaida. Nusu ya kata ilikuwa imelipa ada, na mtu aliyelipa hapendi kupitwa.

Maswali mawili ya mwanzo yalipita vizuri. Ikafika zamu ya Shangazi. Akaitazama karatasi yake, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Kisha akainua simu kutoka kwenye lundo na kuishika mkononi, ili amwone vizuri anayezungumza naye.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nililipa ada ya kusomwa. Nikaambiwa nimesomwa. Naomba kuuliza: uliposoma, ulielewa nini?"

Kwenye kioo, kope za Diwani zilipanda. Shemeji hakuwahi kuyaona macho ya mtu huyu yakiwa wazi yote, na hakuyapenda. Diwani hakuwa amesikia habari ya ada maishani mwake. Lakini chini ya uso wake maneno yalikuwa yakipanda kwa kasi: mimi pia nililipa, na mimi, mimi nililipa mara mbili, ya kwanza nilikosea tahajia. Katikati yao mfuasi mmoja wa mbali akaandika kwamba bibi harusi amependeza.

Shemeji alinyoosha mkono kuizima simu. Shangazi akaisogeza kando, kama anavyomwondolea mtoto mkasi.

Diwani akanywa maji. Aliweka glasi chini, akaifunika.

"Mama, nakushukuru," alisema kwa sauti yake ile ile ya taratibu. "Nimewasoma wote. Na ile ada, ndugu zangu wananchi, niliianzisha mimi. Ni mfuko wa mtaro. Sikutangaza mapema, kwa sababu mnajua wenyewe, pesa ya umma ikitangazwa hupata miguu. Yote imetunzwa na afisa wangu, mtu mwaminifu sana, na yuko hapo pamoja nanyi. Afisa, hebu wananchi wakuone."

Shangazi akaigeuza simu.

Uso wa Shemeji, juu ya koti la bluu, ukajaa kwenye simu za kata nzima na kwenye ukuta wa ukumbi wa halmashauri.

"Pesa ipo, afisa?" aliuliza Diwani.

Shemeji alipiga mahesabu haraka kuliko siku zote za maisha yake. Akisema haipo, ni mwizi mbele ya watu wote hawa na mbele ya Shangazi. Akisema ipo, si mwizi, ila pesa si yake tena. Miaka yote yeye ndiye aliyewabana watu kwenye kona za namna hii, na hakuwahi kujiuliza wanajisikiaje wakiwa humo.

"Ipo," alisema.

"Yote?"

"Yote, Mheshimiwa."

"Na kazi inaanza lini?"

Kabla hajafungua mdomo, fundi mmoja nyuma yake alisema kwamba mumewe ni mwashi na kesho hana kazi.

"Kesho," alisema Diwani. "Mmesikia wenyewe."

Mchana ule Shemeji alikwenda ofisi ya kata, akaupita mlango bila kugonga, na kwa sauti ya chini akalalamika kwamba ameibiwa. Diwani alikuwa anakunywa chai. Akamwonyesha kiti.

"Umeibiwa na nani, shemeji? Mimi nimegusa nini?" Akapuliza chai yake. "Uliniuzia njia ya kukaa mbali na wananchi, nikanunua, nikalipa. Sasa mtu lazima akae karibu nao. Haiwezi kuwa mimi, mimi nasafiri."

Katibu muhtasi alileta kikombe cha pili. Safari hii hakutoka.

Asubuhi Shemeji alichukua begi na kwenda kituo cha mabasi. Mama wa dirisha la tiketi alimtazama, akatazama koti, ambalo alilivaa kwa kuwa Shangazi alikuwa mlangoni wakati anatoka. Akamuuliza kama si yeye yule wa mtaro. Yeye mama alilipa kwa ajili ya taa za barabarani. Je, pesa yake nayo imeingia mtaroni? Waliokuwa kwenye foleni wakasogea. Shemeji alisema ndiyo, lakini taa zinafuata, na yeye amekuja kukagua kituo. Wakamshukuru, wakampeleka kukagua choo, ambacho hakikuwa na mlango, wakamsimamisha hapo mpaka alipoandika kwenye simu yake kwamba hakina mlango.

Akarudi mtaa wa mafundi na begi lake.

Pesa yote ikaenda kwenye saruji, mchanga, kokoto na mwashi. Hakuweza kupunguza hata mfuko mmoja, kwa sababu kila mfuko uliposhuka mafundi cherehani walisimamisha mashine na kuja kuutazama. Mifuniko ya kuufunika mtaro ilipopungua, alitoa na ile aliyolipwa na Diwani. Mvua iliyofuata ilimkuta amesimama mlangoni kwa Shangazi na watu wa mtaa mzima. Maji yalikuja kwa kishindo, yakajaa mtaroni, yakapita. Waliyatazama yakiteremka mpaka yakapotea kwenye kona, na Shemeji akajikuta amefurahi, jambo lililomuudhi siku nzima.

Jioni yake alijaribu kumweleza Shangazi. Alianza kwa mbali, kwamba ile ada mwanzoni haikuwa hasa ya mtaro. Shangazi alikuwa anapiga pindo.

"Mwanangu," alisema, "mteja akiniletea suruali iliyochanika, mimi simuulizi amechanikia wapi." Akakata uzi kwa meno. "Nashona."

Kamati ilisifu sana mfuko ule wa mtandaoni, ikasema haijawahi kuona ubunifu kama huo. Diwani akaenda ng'ambo. Akatuma picha amesimama mbele ya chemchemi ya hoteli, tabasamu upande mmoja, na wafuasi wa mbali wakamwandikia pole kwa msiba. Aliporudi, alimwandikia Shemeji barua rasmi ya kumteua kuwa Afisa Mawasiliano wa Kata, yenye muhuri na sahihi. Mahali pa mshahara paliandikwa: kwa kujitolea.

Shemeji aliichana pale pale ofisini. Katibu muhtasi akamwambia bila kuinua macho kwamba hakuna neno, nakala ameshaipeleka kwa shangazi yake. Alipofika kule aliikuta ukutani, imetiwa fremu ya kioo, juu ya cherehani. Chini yake, kando ya dirisha, palikuwa na meza ndogo ambayo hakuwahi kuiona. Shangazi alisema ni yake. Imepakwa rangi jana, asiiguse bado.

Simu yake ikaita. Hakuijua namba. Aliitazama mpaka ikakatika. Ikaita tena, na tena, na mashine zikapunguza mwendo moja baada ya nyingine.

"Pokea, afisa," alisema Shangazi. "Ni mwananchi."